Kumwandikia Mtu wa Mbali: Mwongozo Kamili wa Kuandaa Kijitabu cha Matumizi kwa Msomaji wa Utamaduni Mwingine

Mhabeshi anahesabu saa kama sisi. Jua likichomoza Addis Ababa ni saa kumi na mbili, likiwa utosini ni saa sita, sawasawa na Nairobi. Nililijua hilo kabla sijaandika kijitabu changu cha kwanza cha kuvuka mpaka, na bado nikaanguka papo hapo.

Karakana moja ya Kariobangi Light Industries, inayounda mashine za kuangua vifaranga, ilikuwa imepata mteja Ethiopia. Nikaandika maelezo kwa Kiingereza, kwa kuwa mfasiri wa Kiamhari alitaka Kiingereza. Ratiba ya kugeuza mayai ikawa 6:00, 2:00 na 10:00, yaani kila baada ya muda wa saa 8: asubuhi, mchana, usiku. Safu ya jedwali ilikuwa nyembamba, basi yale maneno ya asubuhi na mchana yakatolewa zikabaki tarakimu tupu. Mteja alipoona 2, 6 na 10 alizipanga kama ambavyo mimi na wewe tungezipanga: saa mbili asubuhi, saa sita mchana, saa kumi jioni. Baada ya hapo mayai yakawa yanalala upande mmoja kwa muda wa saa 16 kila siku. Yai lisipogeuzwa, kijusi hugandamana na utando wa ndani ya ganda, na mfugaji hajui kitu mpaka siku ya 21 anapotega sikio kusikia mlio na mlio haupo.

Mimi na yule mteja tulikuwa na hesabu moja ya saa. Tukaipeleka Ulaya kwanza, ikarudi imeharibika.

Tangu hapo ninaamini kwamba msomaji wa mbali hakwami sana kwenye maneno magumu. Maneno magumu anayaona, anauliza. Anakwama kwenye jambo ambalo mwandishi aliliona wazi mno hata hakuliandika, au aliliandika akidhani wote wawili wanalielewa kwa namna moja. Nitatumia ile ile mashine ya vifaranga kama mfano, lakini hatua ni zile zile ukiandikia pampu, taa ya sola au jiko la gesi.

Hatua ya 1: Mjue atakayekishika

Usianze na "soko la Somalia" au "wateja wa Kongo". Anza na mikono. Mashine huenda ikanunuliwa na kijana mwenye duka Eastleigh, ikapelekwa kwa mamake Hargeisa, ikatumiwa na binamu aliyeishia darasa la tano. Nani kati yao anasoma? Mara nyingi anayesoma ni mtoto wa shule, kwa sauti, bibi akiwa ameinama juu ya trei. Kwa hiyo kijitabu chako kitasikiwa kabla hakijaonwa. Kisome kwa sauti wewe mwenyewe. Pale utakapokata pumzi, kata sentensi.

Kisha andika ukurasa mmoja tu wa majibu kuhusu huyo mtu: tundu la stima la ukutani kwake lina umbo gani, anahesabu vipi saa, siku na mwaka, anapima maji kwa chombo gani, macho yake huanzia upande gani wa ukurasa, kitu kikiharibika anamwita nani. Ukurasa huo ubandike ukutani mbele ya meza. Nimeona watu wakitumia miezi kwenye rangi na nembo bila kujibu hata swali moja kati ya hayo.

Aliye Nairobi hana sababu ya kubahatisha. Panda matatu ya namba 9 ushuke Eastleigh, utapata wasemaji wa Kisomali na Kioromo wa kutosha kabla ya chai kupoa. Migahawa ya Kihabeshi iko Kilimani na Hurlingham. Wakongo wako kwenye vinyozi na cherehani mji mzima. Tahadhari moja tu: mtu aliyekaa Nairobi miaka ishirini anasoma kama mtu wa Nairobi. Muulize akuelekeze kwa aliyefika juzi.

Kuuliza huko kutakuvunjia dhana ambazo hukujua unazo. Mimi nilidhani toleo la Kisomali lipangwe kuanzia kulia, kama Kiarabu. La. Kisomali kimeandikwa rasmi kwa herufi za Kilatini tangu 1972 na kinaanzia kushoto kama Kiswahili. Lakini aliyejifunza kusoma chuoni, kwa msahafu, anaweza kuzifuata picha zisizo na maneno kutoka kulia. Fikiria picha tatu: yai, mashine, kifaranga. Zisome kinyume upate mashine inayomeza vifaranga na kutoa mayai. Tia namba kubwa kwenye kila picha na mshale kati yao, hata kama unaona ni kazi bure. Ukiandaa toleo la Kiarabu au Kiurdu, geuza mpangilio wa picha pia, usigeuze maandishi peke yake.

Hatua ya 2: Wakati, siku na vipimo

Hapa ndipo penye mashimo mengi, kwa hiyo tukae kidogo.

Tuanze na lugha yetu wenyewe. "Chaji betri saa nane." Je, ni ile saa nane ya mchana, au kwa muda wa saa nane? Mswahili naye atasita. Andika "kwa muda wa saa 8", na ukiweza, iache saa kabisa: "chaji mpaka taa ya kijani iwake". Kitu kinachoonekana kwa macho kinashinda saa siku zote.

Baada ya aibu ya Addis niliandika upya ratiba ya kugeuza mayai bila tarakimu: "unapoamka, baada ya chakula cha mchana, kabla ya kulala". Nikajiona mjanja. Mama mmoja wa Eastleigh akaniuliza taratibu, "Na Ramadhani?" Rafiki Mhabeshi naye akaongeza la kwao: Wakristo wa Kanisa la Orthodoksi hufunga Jumatano na Ijumaa na siku 55 kabla ya Pasaka, na wengi hawali kitu mpaka alasiri. Chakula cha mchana, ambacho kwangu kilikuwa kama mlima usiohama, kinahama. Tukaishia kwenye jua: "jua linapochomoza, jua linapoanza kushuka, kabla ya kulala". Kwa eneo letu la karibu na ikweta jua ni mwaminifu, linachomoza karibu wakati ule ule mwaka mzima. Ungekuwa unaandikia Norwe, njia hii ingekufa mwezi wa Juni. Katika toleo la Kisomali tuliongeza pembeni nyakati za swala, alfajiri, adhuhuri na isha, na ndiyo sehemu iliyosifiwa kuliko zote.

Siku nazo zina fitina yake. Mayai ya kuku huangua siku ya 21, na kugeuza huachwa siku ya 18. Siku ya 18 kuanzia lini? Ukiweka mayai Jumatatu jioni, je, Jumatatu ndiyo siku ya kwanza? Kuna anayeihesabu na kuna asiyeihesabu, na wote wana haki. Ukiandika tarehe ndiyo umeharibu zaidi, maana kalenda ya Ethiopia ina miezi 13, kumi na miwili ya siku 30 na mmoja wa siku 5 au 6, na mwaka wao uko nyuma ya huu wetu kwa miaka 7 au 8. Hilo limewahi kuleta ugomvi wa dhamana: risiti ya Machi 2025 imeandikwa 2017, fundi wa Nairobi anasema dhamana ilikwisha zamani, mteja anaona anaibiwa. Hata kwa wanaofuata kalenda yetu, 03/04 ni tarehe tatu Aprili kwa Mkenya na tarehe nne Machi kwa Mmarekani. Andika jina la mwezi kwa herufi, na kwenye dhamana taja ni kalenda gani.

Kwa siku 21 dawa ilikuwa kadi. Kadi ya visanduku 21, inabandikwa mlangoni mwa mashine, na kalamu ya risasi imefungwa kwa uzi. Maelezo ni sentensi moja: "Tia alama kisanduku cha kwanza kesho, wakati kama huu ulioweka mayai." Kuanzia kisanduku cha 18 rangi inabadilika na kuna picha ya mkono uliokatazwa kugeuza. Hakuna tarehe, hakuna hesabu, na mtoto anaweza kupewa kazi hiyo akajivunia.

Vipimo. Joto la mashine yenye feni ni nyuzi 37.5 za Selsiasi. Msomaji aliyesoma kwa Kifaransa, kama wa Lubumbashi, huandika 37,5 kwa mkato. Tofauti ndogo hiyo haimpotezi mtu, lakini geuza upande wa pili: 1.500 kwa baadhi ya watu ni elfu moja na mia tano, kwa wengine ni moja na nusu. Usitumie nukta wala mkato kutenga maelfu. Andika 1500 imekwisha. Kwa joto, chora kioo cha mashine kama kilivyo, na tarakimu zile zile, umbo lile lile. Halafu vile vidhibiti vya joto vya bei nafuu mara nyingine hugeuzwa kwa bahati mbaya kuwa Farenhaiti. Kwa hiyo kwenye ukurasa wa matatizo weka mstari huu: "Kioo kikionyesha 99 au 100 na mayai si ya moto mkononi, mashine haijaharibika, imebadilisha kipimo tu." Mstari huo umeokoa simu nyingi.

Kuhusu maji, nilikuwa nimeandika "nusu gorogoro", lile kopo la kupimia nafaka sokoni. Nje ya Kenya gorogoro ni kelele tu. Vikombe na vijiko pia ni vya kuepuka, kila nyumba ina vyake. Karakana ilikubali kuweka kikopo chenye mstari ndani ya boksi, na tatizo likaisha kwa gharama ya kikopo.

Na stima. Soketi ya Kenya ni ya pini tatu bapa, 240 volti. Ethiopia ni 220 volti na soketi nyingi ni za pini mbili za mviringo. Mashine itafanya kazi kule bila wasiwasi, lakini plagi haiingii, na mtu mwenye mayai yanayosubiri hangoji adapta. Atakata plagi kwa kisu. Kwa kuwa unajua atafanya hivyo, weka plagi yake kwenye boksi, au angalau mchoree nyaya: kahawia ni laivu (unaoleta umeme), buluu ni nyutro (unaourudisha), kijani na njano ni athi (wa ardhini). Usiseme "nyaya za rangi ya kawaida". Katika nyumba za zamani za Nairobi zilizofungwa kwa mtindo wa Kiingereza, nyeusi ni nyutro. Marekani nyeusi ndiyo laivu. Fundi aliyejifunza kwenye mfumo mmoja akikutana na wa pili anaweza kufa kwa sababu ya neno "kawaida".

Hatua ya 3: Kitu kimoja, jina moja

Kabla ya kuandika sentensi hata moja, andika orodha ya sehemu zote za mashine na jina moja kwa kila sehemu. Ukiita "trei" ukurasa wa pili, usiite "sinia" ukurasa wa tano ili kupamba. Shuleni tulifundishwa kutorudia maneno. Kwenye kijitabu rudia mpaka uchoke. Msomaji akiona neno jipya anatafuta kitu kipya.

Hata ndani ya Kiswahili kuna mpaka. Sisi tunasema stima imepotea, na Mtanzania anasema umeme umekatika. Kwa wazee wa pwani stima ni meli ya mvuke, na meli kupotea ni habari nyingine kabisa. Maji ya mfereji ya Nairobi ni maji ya bomba Dar es Salaam. Mashine yenyewe hapa inaangua, kule inatotolesha. Kijitabu kinachokwenda pande zote mbili kitumie "umeme" na "bomba", maana Mkenya anayaelewa yote mawili.

Mfasiri atakuuliza, au inafaa akuulize, unasema na nani. Kiswahili kinaridhika na "bonyeza". Kiamhari hakiridhiki: amri kwa mwanamume ina umbo lake, kwa mwanamke lake, na kuna umbo la heshima. Kifaransa lazima kichague kati ya kusema na rafiki na kusema na mtu wa kuheshimiwa. Ukimwachia mfasiri bila maelezo utapata kijitabu kinachomwamuru mzee wa miaka sitini kama kijana wa kutumwa dukani. Mwandikie mfasiri waziwazi: msomaji ni mtu mzima, hatumjui, tunamheshimu. Nasi kwetu "tafadhali" isiwekwe kila mstari. Ikija mara ishirini inageuka kuomba radhi.

Mpangilio wa sentensi ufuate mpangilio wa mikono. "Jaza maji baada ya kuchomoa plagi" humfanya msikilizaji ajaze kwanza. Andika: "Chomoa plagi. Kisha jaza maji." Anayesomewa anatenda neno anapolisikia.

Hatua ya 4: Picha

Watu hufikiri picha haina lugha. Alama ya hatari ya mionzi, ile yenye majani matatu, iliyobuniwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1946, ilitumika miaka sitini, na bado asiyefundishwa anaweza kuiona kama feni au ua. Mwaka 2007 Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki pamoja na shirika la viwango la ISO walitoa alama ya nyongeza, yenye fuvu na mtu anayekimbia, baada ya kuijaribu katika nchi 11. Kenya ilikuwa mojawapo. Wenye alama nzito kama hiyo walilazimika kuzunguka dunia wakiuliza "hii inakwambia nini?"; wewe na mimi hatuna udhuru.

Alama za I na O kwenye swichi ni za kimataifa, zinatokana na 1 na 0. Hapa Nairobi nimeona mtu akibonyeza O ili kuwasha, kwa kuwa O aliisoma "on". Haina ubishi, ana mantiki. Chora swichi ikiwa imewashwa, pamoja na taa yake inayowaka.

Ile taa, angalia rangi yake. Mashine yetu ilikuwa na taa nyekundu inayowaka joto linapopanda, jambo la kawaida kabisa. Wateja wawili waliizima mashine usiku kucha wakidhani nyekundu ni hatari, na hawakukosea, maana nyekundu ndiyo rangi ya hatari katika viwango vya kimataifa vya usalama. Tulibadilisha taa ikawa ya rangi ya machungwa. Wakati mwingine kijitabu kizuri ni kurudi kwa fundi na kumwomba abadilishe kitu.

Mikono uchore ya kulia, hasa inayopokea au kupeana kitu. Watu wengi wa ukanda huu hawapendi kuona mkono wa kushoto ukifanya hayo. Ishara za vidole ziache. Alama ya vema ya mwalimu wetu, Mjapani anaweza kuiona kama kosa. Kwake sahihi ni duara. Na kama kijitabu kinakuja kutoka nje na wewe kazi yako ni kukileta nyumbani, pekua vibonzo vyake. Niliwahi kupewa kimoja ambacho kila kidokezo kilikuwa na bundi aliyevaa miwani. Huko kwao bundi ni mwenye hekima. Kwetu wengi humhesabu mleta msiba, na katika kijitabu cha kuku ni mwizi wa vifaranga juu ya hayo.

Hatua ya 5: Maonyo

Mwishoni mwa 1971 Iraki ilipokea shehena kubwa ya nafaka ya mbegu, nyingi yake ngano kutoka Meksiko, iliyopakwa dawa yenye zebaki ili isioze ardhini. Ilikuwa ya kupandwa tu. Maonyo kwenye magunia yalikuwa kwa Kihispania na Kiingereza, na palipokuwa na fuvu na mifupa, wakulima hawakuona maana yake. Mbegu zilitiwa rangi kama tahadhari. Watu waliiosha rangi, ikatoka, wakaamini sumu imetoka nayo, wakasaga wakapika mkate. Dalili huchelewa wiki kadhaa, kwa hiyo aliyekula jana na kuamka mzima aliendelea. Hospitali zilisajili wagonjwa 6530, na 459 kati yao walifariki.

Kutafsiri lile neno "sumu" kungesaidia, lakini si kwa aliyekuwa tayari na beseni la maji. Onyo linalofanya kazi linajibu kile ambacho msomaji atajaribu: "Kuosha hakuondoi sumu. Ugonjwa huja baada ya wiki kadhaa." Kabla ya kuandika onyo, jiulize mtu mwenye akili timamu, mwenye haraka na asiye na fedha za kupoteza, atafanya nini hapa. Muonye juu ya hilo, umwambie kitakachotokea, umpe la kufanya badala yake.

Katika mashine yetu watu hufungua mlango siku ya 20 ili kumsaidia kifaranga kutoka. Ni huruma, na huruma haizuiliwi na "usifungue". Tuliandika: "Ukifungua, unyevu unatoka, utando unakauka na kumbana kifaranga. Kutoboa hadi kutoka kunaweza kuchukua usiku mzima. Tazama kupitia kioo cha mlango." Onyo likae kabla ya hatua inayohusika, kwenye ukurasa ule ule. Yale marundo ya maonyo thelathini ya ukurasa wa kwanza yanamlinda muuzaji mahakamani tu.

Hatua ya 6: Tafsiri

Tafuta mfasiri anayeijua lugha ya wafugaji, na mpe mashine aione ikifanya kazi. Kama lugha mbili zina jambo moja, kama Kiswahili na Kiamhari zilivyo na saa, mwambie mfasiri hivyo, hata kama kazi inapitia Kiingereza. Kisha mpe mtu wa pili arudishe tafsiri kwenye Kiswahili bila kuona ulichoandika. Soma namba na makatazo kwanza. Sentensi zikipishana kidogo si hoja, lakini "usi-" iliyopotea ni hoja.

Acha nafasi kwenye ukurasa. Kifaransa hurefuka kuliko Kiingereza, na herufi za Kiamhari, zaidi ya mia mbili, zinahitaji fonti yake na ukubwa wa kusomeka. Mchapishaji asiye na fonti hiyo atakutolea ukurasa wa visanduku vitupu na hatagundua.

Hatua ya 7: Jaribu kwa viazi

Jakob Nielsen, mtaalamu wa matumizi ya programu, alipendekeza mwaka 2000 kwamba watu watano wanatosha kwa jaribio moja. Kwa kijitabu naona watano kwa kila lugha ni mwanzo mzuri. Waite mmoja mmoja. Mpe mashine, kijitabu, na viazi vidogo badala ya mayai. Halafu funga mdomo.

Usiulize "umeelewa?" Heshima itamfanya akujibu ndiyo, mgeni hamwaibishi mwenyeji. Sema "nionyeshe".

Wafugaji wengi huandika X upande mmoja wa yai na O upande wa pili, ili wajue lipi limegeuzwa. Nasi tuliandika hivyo. Kijana mmoja, aliyefika Nairobi miezi miwili kabla, alisoma vizuri, akafungua mlango, akavuta trei. Akaanza kutoa viazi vyenye X, kimoja kimoja, akivipanga mezani kwa uangalifu. Nikajikaza nisiseme. Alipomaliza akanitazama kama mtu aliyefanya kazi nzuri: "Haya mabovu niyatupe wapi?" Shuleni kwake X ilikuwa kosa, kama ilivyokuwa shuleni kwangu. Siku hizi tunaandika mstari mmoja upande huu na mistari miwili upande ule, na hatujapoteza kiazi tena.

Geuza mara tatu kwa siku na si mara nne. Idadi witiri hufanya upande unaolala usiku ubadilike kila siku. Sababu hiyo nayo tuliiweka kijitabuni, baada ya watu watatu kati ya watano kuuliza kwa nini wasiongeze moja kwa baraka.

Hatua ya 8: Karatasi

Kijitabu kizima kiwe ndani ya boksi, lakini mambo matano ya lazima yawe kwenye stika mlangoni mwa mashine, kwa sababu kijitabu kitapotea ndani ya wiki na stika haipotei. Wachapishaji wa River Road watakupigia laminesheni. Sisitiza, maana chumba cha mayai kina unyevu. Msimbo wa kuskani kwa simu ni nyongeza tu, bando ni pesa. Sauti ya dakika mbili ya WhatsApp kwa lugha ya mteja, inayosoma ile stika, inafika mahali ambapo maandishi hayafiki, na ni rahisi kumtumia jirani.

Andika namba ya toleo chini ya ukurasa wa mwisho, pamoja na namba ya simu inayopokewa na mtu anayesema lugha hiyo. Weka daftari kando ya simu. Kila swali liandikwe kama lilivyoulizwa, kwa maneno ya muulizaji, pamoja na namba ya toleo analolishika. Daftari letu linaanza na lile la Addis. Limeandikwa kwa mkono wa dada wa mapokezi: "Mteja anauliza, kwa nini mashine yenu inapumzika usiku?"